Sura ya Tisa: Herufi ya Mwisho ya Mfamasia Pyo

Mkuu wa upelelezi Guk alikuwa ameshalifunga jalada kabla Inspekta Tak Yeon-ju hajavua koti.

"Barafu," alisema. "Mtu mzima, ngazi za chuma, barafu. Unataka nini tena?"

"Soksi, bosi."

"Soksi zimefanyaje?"

"Alikutwa chini ya ngazi na soksi tu miguuni. Viatu vyake vilikuwa juu, ndani ya mlango, vimepangwa vizuri. Nani anashuka ngazi zenye barafu na soksi?"

"Alitoka mara moja kuvuta sigara."

"Hakuwa akivuta. Alibandika tangazo kwenye dirisha la duka lake: 'Acha sigara leo, ingia tuongee.'"

Guk alijisugua macho kwa viganja. Nje theluji ilikuwa ikiudondokea mji wa Cheongju tangu alfajiri, na maofisa wake nusu walikuwa barabarani kwenye ajali.

"Mwendesha mashtaka ametia saini. Maiti iko mikononi mwa wenyewe, kesho asubuhi inachomwa. Nenda katoe rambirambi, kunywa supu, rudi. Ukiniletea soksi tena nakuhamishia trafiki."

Tak akavaa tena koti lake.

Ukumbi wa maombolezo ulikuwa chini ya hospitali, orofa ya chini ya ardhi, harufu ya mchuzi wa nyama ikikupokea tangu kwenye lifti. Mashada ya maua meupe yalijipanga ukutani kama askari waliochoka. Marehemu, Pyo Gwang-sik, alikuwa mfamasia mwenye duka karibu na soko la Sangdang. Mgane, mtoto mmoja, mpole kwa wateja, mbishi kwa marafiki. Ila waliomjua walimjua kwa jambo jingine. Juu ya paa la duka alikuwa na chumba, na katika chumba hicho, miaka nenda miaka rudi, kila akishafunga duka, alichora herufi za Kikorea. Si za kuandika kwa mkono, bali fonti nzima ya kompyuta, ambayo mtu akibonyeza kibodi inatoka kama ilivyochorwa. Alianzia kwenye vifuko vya karatasi vya dawa, kwa maana hakupenda sura ya maneno yaliyochapwa pale. Ndiyo maana fonti yake aliipa jina la maneno yale yale: Nusu Saa Baada ya Kula.

Mlangoni mwa chumba cha marehemu palitundikwa kitambaa kirefu cheupe, maandishi meusi yakishuka toka juu hadi chini:

BABA SEOLMUI, PUMZIKA SALAMA.

Herufi zilikuwa nene miguuni na nyembamba mabegani, kama watu waliovaa mabuti. Chini kabisa, kwa maandishi madogo: Kikundi cha Herufi cha Jumamosi.

Tak akavua viatu, akaingia. Akafukiza ubani, akasujudu mara mbili mbele ya picha ya marehemu na mara moja kwa mfiwa. Mfiwa alikuwa msichana aliyevaa nguo nyeusi ya msiba, utepe mweupe kichwani, macho makavu yaliyovimba. Ndiye Seolmui mwenyewe. Nyuma yake alisimama shangazi yake, dada wa marehemu, ambaye ndiye aliyeikuta maiti Ijumaa asubuhi.

"Karibu supu, Afande," shangazi alisema. Ilikuwa kama anamwambia askari aliyemvunja moyo.

Kwenye ukumbi wa kulia, meza zote zilijaa. Tak alimtafuta mtu mmoja kwanza: Eo Tae-hun, muuza kuku wa kukaanga, jirani wa marehemu. Sajini Ki, msaidizi wake, alikuwa amemng'ang'ania huyu tangu mwanzo. Eo aliichukua fonti ya mfamasia bila ruhusa, akaandikia kibao cha duka lake na menyu yote. Walishatukanana sokoni mbele za watu.

Alikuwa pembeni peke yake, chupa ya soju, pombe kali, imebaki theluthi, machozi yakimchuruzika bila yeye kujishughulisha nayo.

"Umekuja kunikamata?" aliuliza. "Nikamate. Lakini niache nimalize kulia."

"Ulimtukana Jumatatu."

"Nilimtukana Jumatatu, nikamtukana Jumanne. Jumatano alikuja yeye kunitukana, akasema nimezibana herufi zake kama abiria. Alichukua ngazi yangu mwenyewe, akapanda, akakipanga upya kibao changu. Bure! Kisha akashuka akasema, 'Sasa wizi wako unasomeka.'" Akacheka, na kicheko kikamgeuka. "Mtu wa namna hiyo nimuue ili iweje? Nani atanigombeza?"

"Na Alhamisi?"

"Alhamisi jioni alikuja kununua kuku. Kuku mzima, bia mbili."

Tak akaweka kijiko chini. "Alikuwa anakula peke yake siku zote."

"Ndiyo maana nilimtania. Nikamwambia, 'Mfamasia, umepata mchumba?' Akasema ana mgeni, na ana neno zito la kumwambia. 'Sitaki kumgombeza mtu kwa tumbo tupu.' Halafu akakataa pilipili. Yeye, ambaye kuku wangu mwekundu ndiye aliyekuwa akimla kama dawa! Akasema mgeni wake hali pilipili kabisa."

"Hukumwambia Sajini Ki."

"Sajini Ki hakuniuliza alichonunua. Aliniuliza nilikuwa wapi. Nikamwambia nilikuwa kwenye pikipiki nagawa kuku mpaka usiku, akaenda kuwauliza wateja wangu wote, sasa wananiogopa."

Tak alikumbuka chumba cha paa kama alivyokiona Ijumaa. Meza, kompyuta, kabati la karatasi, sinki safi. Hapakuwa na mfupa hata mmoja. Hapakuwa na boksi wala kopo la bia, si ndani, si kwenye pipa. Mtu aliyekufa kwa kuteleza haoshi vyombo kwanza.

Akainuka akaangaza macho ukumbini. Kikundi cha Herufi cha Jumamosi kilikaa meza moja, watu watano wa rika na kazi tofauti. Mbele ya kila mmoja palikuwa na bakuli la supu nyekundu ya pilipili, ile ya misiba yote. Wanne walikuwa wamelifuta bakuli. La tano lilikuwa limejaa, mafuta mekundu yameanza kuganda juu, na mwenyewe alikuwa akila wali mkavu na vipande vya keki ya mchele.

"Yule ni nani?" aliuliza.

"Mwalimu Ma Sang-uk," Eo alisema. "Mwanafunzi wake marehemu kwenye haya mambo ya herufi. Ndiye aliyeleta kile kitambaa cha mlangoni. Kijana mzuri. Amelia kuliko mimi."

Tumbo lisilopenda pilipili si ushahidi. Tak alijua mahakama ingemcheka. Akarudi kwa Seolmui, akamwomba waongee kando kwenye chumba cha kupumzikia wafiwa.

"Mdogo wangu, mara ya mwisho kuongea na baba ilikuwa lini?"

"Alhamisi. Alinipigia mwenyewe, kabla hajafunga duka." Msichana aliketi akalikunja goti lake kwa mikono. "Ilikuwa ajabu. Hatukuwa tukipigiana."

"Mligombana?"

"Kwa ajili ya herufi. Utacheka."

"Sicheki."

"Afande, unajua fonti inavyotengenezwa? Huchori sauti moja moja ukamaliza. Kila silabi inachorwa peke yake. 'Ma' yake, 'mi' yake, 'mu' yake. Zinazotumika sana ni elfu mbili na zaidi, hizo ndizo watu huchora. Zile adimu wanaziacha. Sasa jina langu lina 'mui'. Nani anatumia 'mui'? Hakuna. Kwa hiyo kila nilipoliandika jina langu kwa fonti ya baba, ilitoka 'Seol' nzuri kabisa, halafu kisanduku kitupu. Kompyuta ikikosa herufi inaweka kisanduku." Akavuta pumzi. "Yeye ndiye aliyenipa jina hilo. Nikamwambia, umewachorea watu wa sokoni wote majina yao, binti yako umemwekea sanduku tupu. Nikahamia Ulsan. Mwaka mzima."

"Na Alhamisi alisema nini?"

"Alisema leo ndiyo leo, anaichora 'mui'. Nikamwambia aache maigizo. Akasema, 'Sikiliza. Ile *m* nitaichora tofauti na zote.' Unajua *m* yetu ni kama chumba, kuta nne. Akasema, 'Kona ya chini, upande wa kushoto, nitaiacha wazi. Kwenye jina lako tu. Mlango. Uje ukipenda, usije ukipenda, mlango hautafungwa.' Nikasema sawa, nina kazi. Nikakata simu." Akaurekebisha utepe wa kichwani. "Sijaiona. Sijui hata kama aliichora."

Tak akamwuliza neno la siri la kompyuta ya baba yake, kisha akainuka, akatoka mpaka mlangoni, akasimama mbele ya kile kitambaa cheupe.

BABA SEOLMUI. Akalisogelea jina mpaka pumzi yake ikagusa kitambaa. 'Seol' ilikuwa imefungwa vyema. 'Mui' ilikuwa na kichumba chake, nguzo kando, sakafu chini. Kona tatu zilikuwa zimefungwa. Kuta za kushoto na chini hazikukutana. Palikuwa na upenyo, si mkubwa, umekatwa kwa unadhifu, kingo zake zimeviringwa. Akazitafuta *m* nyingine katika sentensi hiyo na katika maandishi madogo ya chini. Zote zilikuwa zimefungwa.

Akampigia Sajini Ki, aliyekuwa akilinda chumba cha paa kwa kulalamika.

"Afande, huku kuna baridi ya kufa mtu."

"Iwashe kompyuta yake. Mtoto amenipa neno la siri, ni siku yake ya kuzaliwa." Akamtajia. "Fungua faili la fonti. Jipya kabisa."

Mibonyezo, mafua ya Ki.

"Nimefungua. Limehifadhiwa mara ya mwisho Alhamisi, jioni ile ile."

"Tafuta 'mui'."

"…Ipo. Ina kasoro lakini, kona moja haijafungwa."

"Si kasoro. Lile faili la kabla ya hapo?"

"La Novemba. 'Mui' hakuna. Kisanduku tu."

"Barua pepe. Hili jipya alimtumia nani?"

Mibonyezo tena, mirefu zaidi. "Hakuna. La Novemba aliwatumia watu watano, kile kikundi chake. Jipya hajamtumia mtu yeyote. Afande, kuna nini?"

"Kuna mtu analo. Piga picha kila kitu, kisha njoo huku. Njoo na pingu."

Ma Sang-uk alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, vidole virefu vyenye madoa ya wino, mwalimu wa lugha katika shule moja ya kati. Aliinuka haraka Tak alipomwita, akamfuata kwenye chumba cha wafiwa. Seolmui alikuwa bado ameketi pale pale. Alitaka kutoka, Tak akamzuia kwa jicho.

"Kitambaa ni kazi yako, Mwalimu?"

"Ndiyo, Inspekta. Niliona asiagwe kwa herufi za dukani. Kaka Gwang-sik angefufuka kwa hasira." Alijaribu kutabasamu. "Nilichapa jana asubuhi."

"Kwa fonti yake mwenyewe."

"Ndiyo."

"Ulipata wapi?"

"Alitutumia kikundi kizima. Novemba."

"Baada ya hapo hakukupa nyingine?"

"Hapana. Alikuwa mgumu kutoa. Siku zote 'bado haijaiva'."

"Hukuongeza chochote? Labda herufi ilikosekana, ukaunganisha vipande mwenyewe?"

Ma alionekana kuumia kweli. "Inspekta, kwetu hiyo ni kama kumvulia mtu nguo. Herufi ya mtu haiguswi. Sijawahi kugusa hata nukta yake."

"Una hakika?"

"Naapa mbele ya picha yake."

"Basi twende ukanioneshe. Na wewe, Seolmui, njoo."

Watu watatu wakasimama mbele ya kitambaa. Wageni waliokuwa wakiingia waliwapisha, wakidhani ni sala. Seolmui alikuwa amekipita kitambaa kile siku nzima kichwa kikiwa chini. Sasa alikiinua. Mkono wake ulinyanyuka polepole mpaka kwenye jina, kidole kikatafuta kona ya chini ya kushoto, kikapita kwenye upenyo.

Hakulia. Alitoa sauti moja fupi, kama mtu aliyekanyaga mwiba.

"Mwalimu," Tak alisema, "faili la Novemba ukiandika jina hili linatoa nini?"

Ma aliangalia. Macho yake yalishuka na herufi, moja baada ya nyingine, yakafika kwenye 'mui', yakasimama. Tak alikuwa amewahoji wauaji wengi, na wengi wao hukasirika kwanza. Huyu alipauka tu. Ilikuwa wazi kwamba mpaka dakika ile hakuwa ameliona kosa. Aliketi kwenye kompyuta yake akiwa hajalala, akaandika maneno ya kumuaga rafiki yake, maneno yakatoka kamili, naye hakujiuliza kwa nini.

"Kisanduku," alinong'ona.

"Hii aliichora Alhamisi baada ya kufunga duka, hakumtumia mtu. Ilikuwa kwenye kompyuta yake tu, ndani ya chumba chake tu. Ulikula kuku gani, Mwalimu? Asiye na pilipili?"

Ma alirudi nyuma akaegemea ukuta. Aliteleza na ukuta mpaka akakaa sakafuni kati ya viatu vya wageni. Shangazi alikuwa ametokea mlangoni na trei mkononi, na hakuna aliyemwambia aondoke.

"Sikumsukuma," Ma alisema. "Alinishika mkono nikauchomoa kwa nguvu. Kuna tofauti?"

"Eleza."

"Niliipeleka kwenye shindano. Fonti. Kwa jina langu." Alikuwa akiongea na viatu. "Miaka yote anasema bado, bado. Ningekuwa nimemaliza kazi kama ile, ningeipigia mbiu mji mzima. Yeye aliifungia kabatini. Ikaingia fainali. Akaona orodha gazetini na picha ya herufi zake. Akaniita. Nilidhani atanipiga, akaninunulia kuku. Akanionesha ile 'mui', akafurahi kama mtoto. Halafu akasema, 'Sang-uk, kesho ukatoe jina lako, hatutaongea tena jambo hili.' Bila hasira! Nikaona aibu mpaka nikashindwa kukaa. Nikavaa viatu nikatoka. Akanifuata hivyo hivyo na soksi, anasema subiri, subiri, kuna barafu. Akanishika mkono."

"Ukauchomoa."

"Ndiyo."

"Na badala ya kuita gari la wagonjwa?"

Ma alifumba macho. "Nilirudi ndani. Nikakusanya boksi na makopo. Ile kazi ilikuwa bado imefunguka kwenye kompyuta. Nikaihifadhi, nikainakili kwenye flashi. Sijui kwa nini. Nadhani niliona asiyekuwepo hana haja ya kusubiri iive."

"Ila alikuwepo," Tak alisema. Taarifa ya daktari ilikuwa mfukoni mwake tangu Ijumaa. Kuanguka kulimvunja nyonga. Kilichomuua ni baridi, na baridi ilichukua muda wake.

Seolmui alichuchumaa mbele ya Ma, nguo nyeusi ikatandazika sakafuni. "Ulipita wapi ulipokuwa unaondoka? Ngazi ni moja."

Ma aliviangalia tena viatu.

"Mwalimu Ma. Ulimruka baba yangu?"

"Ndiyo."

"Alikuwa macho?"

"Alinitazama. Nilidhani ataomba msaada, na angeomba, naapa, angeomba ningepiga simu." Akainua macho kwa Seolmui. "Aliniuliza, 'Sang-uk, umeihifadhi?' Basi. Hicho tu."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia ndiyo. Akasema vizuri. Nikaenda."

Sajini Ki alitokeza kwenye lifti, theluji mabegani, akahema. Aliangalia uso wa bosi wake, akatoa pingu bila kuulizwa. Ma alinyoosha mikono mwenyewe. Eo, muuza kuku, alikuwa amesimama nyuma ya kundi na chupa yake, akawapisha njia.

Tak alikuwa ameshaweka simu sikioni, akimtafuta mwendesha mashtaka. Maiti isichomwe. Ichunguzwe upya, na leo hii. Ilimbidi aseme mara mbili, mara ya pili kwa sauti ambayo hakuipenda. Alipokata simu, akageuka kwa wafiwa. Hili ndilo lililokuwa gumu zaidi kulisema, na hakuna chuo kinachokufundisha.

"Seolmui, samahani. Itabidi tumchukue tena. Siku kadhaa. Sijui ngapi."

Msichana alikuwa bado amechuchumaa pale Ma alipokuwa ameketi. Alivipanga viatu vya wageni vilivyotawanyika, jozi kwa jozi, vidole vikiangalia nje, kama apangavyo mwenye nyumba. Kisha akainuka, akajifuta mikono kwenye sketi.

"Shangazi," alisema, "kesho hatumtoi. Ongeza mchele, watu watakuja tena."